Mot de passe ya Papa Darius

Jumanne, 10/10

Carte son mupya, kile kifaa cha kuingiza sauti mu ordinatere, imefika! Tangu radi iunguze ile ya zamani, redio yetu ya Ngungu haikurekodi hata neno moja. Nikachomeka mikro, nikawasha ordinatere — ikakatala. Inasema pilote, programu yenye kuongoza carte son, imezuiwa, juu haimujui mwenye kuitengeneza. Nikaingia mu Réglages, mule banapangiaka mashine, mu Confidentialité et sécurité. Kuko bouton ya kuruhusu: Autoriser. Nikabonyeza. Ikaniomba mot de passe, neno la siri la administrateur, mwenye kusimamia mashine.

Administrateur njo Papa Darius, directeur. Yeye iko Goma, mu séminaire. Miaka sita niko nasoma habari hapa, na mashine inaniuliza wewe ni nani!

Jumatano, 11/10

Nimemupigia Papa Darius. Anasema ningoje arudi juma yenye kuya. Sécurité si kitu cha kuachia kila mutu, bamama banaweza bonyeza vibaya na kuharibisha yote. Bamama! Nani anafagia studio? Nani anapanda ku mabati kupanguza panneau ya jua? Nilipomuuliza akasema réseau ni mbaya, akakata. Réseau haikukuwa mbaya. Nilisikia sahani, na batu banacheka.

Kila mutu. Njo mimi huyo.

Alhamisi, 12/10

Mama Byukusenge amefika, matope mpaka ku magoti. Ametoka Bihambwe kwa miguu, siku mbili. Yeye na binti yake Victorine walipoteana mu kukimbia vita, ni miaka mbili sasa. Juzi mutu mwenye kutoka Itebero, upande wa Walikale, alimuambia kuko Victorine mumoja kule, analimia batu mihogo. Mama anataka kumutumia sauti. Fiston wa moto, ile pikipiki, anaenda Walikale Jumamosi, atabeba clé USB mpaka ku redio ya kule.

Nikamuambia: Mama, tuandike barua. Akakatala.

"Barua mutu yeyote anaweza kuandika. Sauti yangu ataijua."

Telefone yangu ya kitoshi hairekodi. Mikro ya ndani ya ordinatere ilikufaka zamani. Basi muzee wa miaka sabini amekaa ku banc, anangoja Papa Darius amalize séminaire.

Ijumaa, 13/10

Papa Darius, mara tatu hajibu. Mara ya ine akajibu, nikamupa Mama telefone. Hakulia, hakubembeleza.

"Papa, mimi nimetembea siku mbili. Wewe, kusema neno moja, inakuomba siku ngapi?"

Halafu akaitoa: darius1234. Darius1234! Njo hiyo sécurité yote!

Nikarudi mu Réglages — bouton haiko! Karibu nitupe mashine inje. Kumbe inangojaka nusu saa tu, halafu inapotea. Nikachomoa carte son, nikachomeka tena. Ikarudi. Mot de passe. Autoriser! Ikasema nizime na niwashe upya — batri ikaisha. Mvua tangu asubui, panneau haikupata kitu. Nikalia. Mama njo alinituliza. Mimi!

Jumamosi, 14/10

Jua! Ordinatere imewaka. Mama akakohoa, mustari ya kijani ya sauti ikaruka mu ordinatere. Tukacheka kama batoto. Fiston amekwisha kufika, moto inanguruma inje. Nikamuambia azime. Akanuna, akazima.

Nikaanza kurekodi. Mama akasogelea mikro.

"Victorine. Ni mimi mama yako."

Akanigeukia, sauti chini: "Na kama si yeye? Kama ni Victorine wa mama mungine?"

Nikamuonesha mikro tu. Hasemi. Hasimami pia. Ameishika na mikono mbili. Dakika mbili. Tatu. Fiston anagonga mulango — agonge! Sikati kurekodi. Naandika polepole, kalamu isisikike mule ndani ya sauti yake.