Kituo cha Mwisho Hakijasomwa

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba. Sisi hapa Mhunze wazima, goti la babu yako limetulia, na wabeja, asante sana, kwa bando ulilonitumia.

Unauliza mbona kwenye grupu la familia wote wanampongeza shangazi yako kwa udiwani, mimi kimya. Siko kimya, nangoja. Nimeshika simu kwa mikono miwili, natazama mubashara wakisoma matokeo kituo kwa kituo.

Nilipokuwa msichana, baba yangu aligombea uenyekiti wa kijiji. Nilichungulia dirishani pale shuleni, nikaona rundo la kura zake limezidi, nikatimka nyumbani nikipiga vigelegele. Mama akachinja jogoo. Jioni baba akarudi akikokota baiskeli taratibu. Kumbe lilikuwa limebaki sanduku moja. Akanusa mchuzi, akaniangalia, akasema, "Haya, tuleni." Jogoo alikuwa mtamu, ila hakuna aliyeomba kuongezewa.

Sasa hivi shangazi yako anaongoza na kimebaki kituo kimoja. Mama yako ameshabandika maji ya kunyonyolea kuku. Vigelegele vimenijaa mdomoni, mjukuu wangu, lakini kisu nimekikalia.

Bibi yako