Zamu Yangu ya Maneno Imefika, Wenzangu Wamegoma

Mama Binti, wewe unayesoma shida za watu kila juma, naomba msaada wako kabla Jumapili haijafika, maana nikikaa kimya nitapasuka. Mimi ni Nyota, nauza mikate mbele ya bandari ya Makiso hapa Kisangani, na tangu mwaka jana tuko wanawake kadhaa katika likelemba, lakini si ile ya kuchanga pesa na kumpa mmoja kwa zamu, yetu ni ya maneno, kwa sababu hoteli zinapata wageni wanaokuja kutazama wavuvi wa Wagenia, wengine wanasema Kiingereza, wengine Kihispania, na kazi nzuri ni ya yule anayeweza kuwajibu.

Basi kila Jumapili kila mmoja analeta maneno mapya, Hadidja anayapata kwa masista Wahispania wanaonunua vitambaa kwake, Agathe kwa mmisionari Mwingereza anakofua nguo, mimi kwa masomo ya redio, tunamkabidhi mwenye zamu, na yeye peke yake ndiye anayeyatumia, sisi tuliotoa tunayaacha, kwa sababu kitu ukishakitoa kwenye likelemba si chako tena.

Wa kwanza kupokea alikuwa Élise, ambaye karatasi za uhalisi, zile za serikali za kufuta majina ya Kizungu, zimempa jina lingine lakini sisi tumezoea hilo. Tulimpa maneno mazuri kabisa, mimi mwenyewe nilimpa "good evening" na "buenas noches" za kuwasalimia wageni jioni, akayabeba, akapata kazi ya mapokezi katika hoteli moja kando ya mto, na tangu siku hiyo hajarudi. Nilimfuata huko, akanitazama kutoka nyuma ya meza akasema, "Citoyenne, uko na réservation?" kama kwamba mimi ni mwananchi yeyote aliyekuja kuuliza chumba alichoagiza. Mama, huyo ni mtu niliyelala naye kitanda kimoja tukiwa shuleni.

Sasa zamu yangu ndiyo hii, ya mwisho, na Jumatatu hoteli ile ile inapima watu kwa nafasi ya pili, lakini wenzangu wamegoma. Hadidja amesema, "Bon, mutu akisha kula, anakimbia. Alors wewe pia utakula, utakimbia. Mimi siko mujinga." Na mimi nimewapa wote, nimempa Hadidja "key" ya ufunguo, "pillow" ya mto wa kulalia, "towel" ya taulo, nimempa Agathe "ventana" ya dirisha na "agua caliente" ya maji ya moto, na Jumatatu nitasimama mbele ya patron, mkubwa wa hoteli, mikono mitupu. Nafikiria kwenda kumwambia kwamba Kihispania cha Élise si chake, ni chetu, ili amfukuze. Nifanye hivyo? Nina hasira, na nina aibu pia.

Nyota, Makiso

Nyota mwanangu, nimesoma barua yako nikacheka mpaka mume wangu akauliza kuna nini. Kisha nikakuhurumia, na sasa nitakugombeza.

Kwanza Élise. Kumuuliza rafiki kama ana réservation ni kukosa adabu, na kama anasoma gazeti hili, ajue nimemsikia. Lakini ukienda kumchongea, patron atakumbuka jambo moja tu, kwamba wewe ni mchongezi, na mchongezi hawekwi mapokezi mahali siri za wageni zinapopita. Achana na wazo hilo leo hii.

Pili, nani aliwadanganya kwamba neno ni noti? Noti ikitoka mkononi imetoka. Neno ulilompa Hadidja bado unalo, umeniandikia mwenyewe bila kusita, ufunguo, taulo, dirisha na yote. Ili utoe neno kila Jumapili ilibidi ulitafute na kulishika wewe kwanza, na kwa kuwa zamu yako ni ya mwisho, umeshika mengi kuliko Élise, ambaye alipokea mara moja akaacha kutafuta. Wanawake wazima mnakataa kusema "maji ya moto" kwa sababu mlimpa Agathe! Mnakaa na njaa kando ya chungu mlichopika wenyewe.

Jumapili nenda kama kawaida, waambie sheria ya kuacha maneno imekufa. Usiwaombe mapya. Waombe wajifanye wageni wa hoteli, Hadidja awe Mhispania mwenye mizigo mingi, Agathe awe Mwingereza anayelalamika kwamba maji ni baridi, nawe uwajibu mpaka wachoke. Hadidja atakataa kidogo. Mbembeleze, huyo anaogopa kuachwa tu. Jifunze pia kusema "sijui, lakini nitauliza" kwa lugha zote mbili, maana hakuna mtu wa mapokezi anayedumu bila hiyo.

Jumatatu vaa liputa safi, kile kitenge chako kizuri, fika mapema. Ukimkuta Élise mezani, msalimie kwa Kihispania, kwa heshima, umwambie wenzake wanayangoja maneno anayoyasikia kwa wageni. Asipokuja, shauri yake.

Zamu yako usiililie tena. Umekuwa ukiila tangu Jumapili ya kwanza, ila hukujua kwamba unashiba. Patron akikuuliza unajua nini, fungua mdomo. Na ukiipata kazi hiyo, Jumapili inayofuata uwe wa kwanza kufika, Hadidja akuone mlangoni.

Mama Binti