Baba Aliacha Kwenda Kliniki kwa Sababu Yangu

Mpendwa Bi Opal,

Nakuandikia nikiwa nimejifungia garini nje ya duka ninakofanya kazi, maana nyumbani siwezi hata kuinua macho, naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi. Nasomea usaidizi wa fiziotherapia, ile tiba ya mazoezi ya viungo, katika chuo cha kaunti yetu hapa Kentucky, au ndivyo baba yangu Vernon na kanisa zima wanavyoamini, kumbe nasoma masomo ya utangulizi tu, na hata hayo nilijipangia mwenyewe bila kumwona mshauri wa chuo, nikachukua sosholojia, nikachukua historia ya muziki, nikaikwepa Anatomia kila muhula kwa kuogopa ile mifupa na majina yake, hadi nikaambiwa bila Anatomia huruhusiwi hata kuomba nafasi ya kuingia darasa la fiziotherapia, na darasa hilo huanza mara moja tu kwa mwaka, nalo la mwaka huu limeshanipita. Nyumbani sikumwambia mtu.

Basi baba akawekewa goti la bandia, na kliniki walipompangia siku za mazoezi akawacheka, "Nyie pumzikeni, mtaalamu wangu ninaye nyumbani, na kuku ananikaangia!" Sikumkatalia, Bi Opal. Namfanyisha mazoezi ninayoyaona kwenye simu, akipiga kelele "Wee Roxie, utaniua!" namwonea huruma naacha, na sasa goti limekakamaa, halikunjiki wala halinyooki. Jumapili ya kuwapongeza wahitimu kanisani, mchungaji akasema wanafunzi wote wasimame, nikasimama, baba naye akang'ang'ania benchi la mbele asimame anipigie makofi, akashindwa, akapiga akiwa amekaa, machozi ya furaha yanamtoka. Naona haya mpaka natamani kuhama mji. Nifanye nini?

Roxie

Roxie,

Pole, mwanangu. Sasa futa machozi, maana nitakugombeza.

Kukosea kupanga masomo si dhambi. Wengi huanza na yale laini wakaliacha gumu mpaka mlango ukafungwa. Lakini wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe, ebo, aibu yako umeenda kuificha kwenye goti la baba yako!

Mwambie leo, kabla ya chakula: "Baba, mimi si mtaalamu, hata darasa la fiziotherapia sijaingia." Atafoka. Mwache afoke, ni haki yake. Angali amenuna, piga simu kliniki, waeleze goti lilivyo na ni nani alikuwa akilishika. Goti halingoji muhula mpya. Umpeleke mwenyewe, uombe kukaa pembeni, uangalie wanavyomfanyisha. Atapiga kelele zilezile, nao watajua lini waendelee na lini waache. Huruma yako ilikuwa nzuri, ila haikujua hilo.

Kisha nenda kwa mshauri wa chuo, umwambie umeboronga. Hatakung'ata, ndiyo kazi yake. Anatomia iwe ya kwanza, mengine yafuate. Hiyo mifupa unayoiogopa ndiyo hiyohiyo anayotembelea baba yako.

Kanisani huna haja ya kutangaza kitu. Ila mwakani mchungaji akiita wanafunzi, kama bado hujapata nafasi, kaa. Tunachotaka kuona siku hiyo ni Vernon akisimama.