Sukari Niliyoificha Kwenye Mtindi

Katubuka, Kigoma

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo dada. Tena shikamoo ya kupiga magoti kabisa, maana maneno ya leo siwezi kukuambia nimesimama. Hali yako vipi, na shemeji? Lile goti lako limepoa, au bado unalikanda kwa maji ya chumvi? Wanao wanakwenda chuoni? Mie huku mwisho wa reli natembea, nakula, nafundisha, alhamdulillahi. Ila moyo hauna raha, na ndiyo maana umekaa siku nyingi bila kuuona mwandiko wangu.

Kabla hujaendelea, ingia chumbani ufunge mlango. Usiisomee barazani kama mlivyozoea. Haya ni ya mie na wewe tu.

Unaikumbuka barua yangu iliyopita, ile niliyomsema Mama Goreti, jirani yangu Mrundi? Nilikuandikia kwamba ni mwanamke mchafu, kanilisha uozo, nami nikamfukuza uani kwangu. Ukanijibu kwamba mliisoma barazani, na mama mkwe wako alicheka mpaka akapaliwa na kahawa. Dada, nilikudanganya. Nakuandikia kwa aibu ambayo sijapata kuwa nayo tangu kuzaliwa. Sikiliza ilivyokuwa.

Tangu nilipoachwa nilikuwa nawashwa. Huko chini, dada. Nawashwa nikiwa darasani hadi naibana miguu nyuma ya meza na kuwaambia watoto wafungue kitabu chochote. Na uchafu mweupe, mzito, kama maziwa yaliyokatika. Unapoa wiki moja, mbili, unarudi. Zahanati sikwenda. Mganga wa pale ni baba wa mwanafunzi wangu, na mwanamke aliyeachwa, anaishi peke yake, akisema anawashwa huko, nani ataamini kwamba halali nje? Basi nikafanya kama somo yetu alivyotufunda unyagoni: maji ya vuguvugu na ndimu, kidole mpaka ndani kabisa, asubuhi na jioni. Yalipozidi nikaongeza sabuni ya mawese, hii inayotengenezwa huku, inayotoa hata masizi ya sufuria. Nikamalizia kwa kujifukiza udi. Loh! Nilijichoma mwenyewe. Nikienda haja ndogo nauma kanga.

Sasa huyo Mama Goreti. Alivuka ziwa na watoto wawili, bunda la nguo na kibuyu cha maziwa cha mama yake, akahifadhiwa na Waha wa nyumba ya pili, kwenye chumba chao cha uani. Alikuwa akinifulia nguo na kuosha vyombo, nami nampa dagaa na unga. Anayekufulia hahitaji kuhadithiwa. Siku moja akanifuata jikoni, akasema polepole, "Mwalimu, una ile ya wanawake."

Nikamkatalia.

"Oya," akasema kwa Kirundi chao, yaani hapana, "usikatae. Mie ndiye nafua."

Akaniambia niache sabuni na ndimu. Nijisafishe kwa maji matupu, tena nje tu, ndani kunajisafisha kwenyewe. Nivae nguo za ndani za pamba, niache zile za nailoni, na usiku nilale bila kitu. Nipunguze chai ya sukari na maandazi. Na kila asubuhi akawa ananiletea bakuli la mtindi wa kibuyu, mkali wa kukunja uso. "Kunywa hivi hivi, Mwalimu. Usitie kitu."

Hivi hivi! Mtu wa Muheza anywe mtindi bila sukari? Mbele yake nilikuwa nameza funda moja, nasema ahsante. Akishageuka tu nafungua kopo, vijiko vinne, vitano, nakoroga mpaka chini. Chai nayo vilevile. Ile halua uliyonitumia niliimaliza peke yangu siku mbili. Akiniuliza, "Unakunywa bila kitu?" namjibu, "Bila kitu kabisa." Mie mwalimu, ninayewachapa watoto kwa kusema uongo.

Miezi miwili, mwasho haukuondoka, ukazidi. Nikawa na kiu isiyoisha na hasira za bure. Sikio la kufa halisikii dawa, dada. Badala ya kujiuliza nafsi yangu, nikatafuta wa kumbebesha. Nikajisemea, ni huyu huyu. Nguo zangu anazichanganya na zake. Na hicho kibuyu kimetoka huko kwenye vita, nani anajua kimebeba nini?

Jumamosi asubuhi alipokuja na bakuli na kibuyu chake, nikalichukua bakuli, nikamwaga mtindi mchangani. Kuku wakaja mbio. Kibuyu nikakitupa kibarazani. Wanawake walikuwa wamejaa bombani, nami nikapiga kelele wote wasikie: "Umenilisha uchafu! Mmekimbia kwenu, na uchafu wenu mnatuletea sisi!"

Mmoja akauliza, "Uchafu gani, Mwalimu?"

Ningesema nini? Wakamgeukia yeye. "Mama Goreti, umemlisha nini mwalimu wetu?"

Alinitazama, kisha akatazama chini. "Anisamehe," akasema. Basi, hilo tu. Na wote wakaona ndiye mkosa.

Neno la mwalimu huku lina uzito, dada. Jioni yake habari zikamfikia balozi wetu wa nyumba kumi, naye akishaambiwa mbele za watu hawezi tena kujifanya hajui kwamba mtu anakaa mjini bila kibali. Siku ya nne lori likaja kuwapeleka kambini. Mama Goreti alipanda na watoto wake na lile bunda. Mie nilikuwa dirishani, nyuma ya pazia, natazama kwa jicho moja. Lori lilipoondoka nikafungua mlango nikakuta nguo zangu za mwisho alizonifulia, zimekunjwa vizuri, juu ya kiti. Kibuyu kilikuwa bado pale nilipokitupa. Usiku ule niliandika ile barua iliyowachekesha.

Haikupita hata wiki mbili nikaanguka darasani na chaki mkononi. Hospitali nilipokelewa na muuguzi mmoja mtu mzima, mwanamke, ana miwani ya kufunga kwa uzi. Akanipima mkojo, akanipima damu, akauliza maswali, na kwa kuwa sikuwa na nguvu za kusema uongo nikamweleza yote. Akanisikiliza, kisha akanigombeza kama mtoto. "Una kisukari, mwalimu. Sukari ikijaa mwilini fangasi wanapata chakula, hawatoki. Na kwa hiyo ndimu na sabuni unaua vijidudu walinzi wa mwili wako." Nikamuuliza mtindi. Akasema ni chakula kizuri, ninywe tu, ila nisiutegemee kuwa dawa peke yake, na nikiutia sukari ni afadhali nisinywe. Akanipa dawa ya fangasi ya kuweka ndani na vidonge vya kushusha sukari, akanitaka nirudi nipimwe tena. Nimerudi. Mwasho umekwisha, dada. Yote aliyoniambia Mama Goreti jikoni kwangu, nimeambiwa tena hospitali. Lililobaki lilikuwa kupimwa tu, na hilo angenisukuma nilifanye kama ningemwambia kiu yangu ile.

Pale kitandani nilimkumbuka mama. Kiu yake ile, mtungi haukai siku. Kidonda cha mguu kilichokataa kupona, nasi tukasema karogwa. Na wewe, dada, uliniandikia mwaka jana kwamba unaamka mara nne usiku kwenda haja, na kwamba kuwashwa kunakuja na kuondoka. Nami kwa majivuno yangu nikakujibu: ndimu na udi. Naomba uache, leo hii, usingoje kesho. Nenda hospitali ya wilaya ukapimwe sukari. Usione haya kama mimi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sitaki nipewe habari zako kwa simu ya upepo.

Nilipopata nguvu nilifunga kibuyu ndani ya kanga, nikapanda gari la kwenda upande wa Kasulu, nikamtafuta kambini. Nilimkuta nje ya kibanda chake cha turubai, anachagua maharage.

"Karibu, Mwalimu. Umekonda."

Nikapiga magoti mbele ya majirani zake.

"Inuka, vumbi hili halitoki kwenye nguo," akasema. "Na mie sipo wa kukufulia."

Nikamweleza kisukari, nikamweleza kopo la sukari, vijiko vinne, vitano. Hakushtuka. Akaendelea na maharage yake.

"Nilijua," akasema. "Mabakuli yako nilikuwa naosha mie. Yalijaa sisimizi."

Dada, nilihisi kama nimevuliwa nguo. Nikamuuliza, mbona hukusema siku ile bombani? Neno moja tu lingekuokoa.

"Ningesema sukari, wangeuliza mtindi ule ni dawa ya nini. Halafu?" Akatupa kijiwe kando. "Mie kufukuzwa nimezoea. Wewe una kazi pale."

Nililia, dada. Sikulia hivyo hata siku ya talaka. Binti yake Goreti akaniletea uji kwenye kikombe cha bati. Nilipoonja, mama yake akasema, "Sukari hakuna. Huku kambini utapona tu, Mwalimu." Akacheka mwenyewe. Mie sikuweza. Kibuyu alikipokea, akakinusa, akakitundika ndani.

Nimekwenda kwa balozi, nimekwenda ofisini kumwombea kibali cha kurudi. Karani kaniambia nirudi Jumatatu, na kila Jumatatu nipo pale. Sijui kama watampa. Kukiri kwangu hakujamrudisha.

Nisalimie shemeji, mwambie nashukuru kwa ule mkeka. Wabusu wanao. Msalimie somo yetu kwa heshima zote, ila mwambie ndimu iishie kwenye samaki. Halua usinitumie tena.

Nimeisoma barua hii tangu mwanzo kabla ya kuifunga, nikafika pale nilipokuambia ufunge mlango. Dada, fungua mlango. Ile ya kumtukana mliisoma barazani. Na hii isome palepale, kwa sauti, mama mkwe wako awepo na kahawa yake. Usiruke pa kuwashwa, usiruke pa sukari. Watakaocheka, wanicheke mimi. Kisha waambie kwamba Mama Goreti ni mwanamke safi.

Mdogo wako mwenye aibu,
Zuhura