Joho la Miaka Sita

Moshono, 3 Februari 2024

Mama mdogo Anyesi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na lile goti limepoa. Huku hatujambo. Mama anakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi, lakini kazini anakwenda. Hajui kama nakuandikia, na nakuomba asijue. Ndiyo maana nimempa Mama Lucky barua hii, aichanganye na makapu yake matupu anaporudi Maji ya Chai.

Najua wewe na mama hamsemeshani tangu kabla sijazaliwa. Siulizi kwa nini. Nakuandikia kwa sababu mwezi wa Desemba, nikitafuta shuka kwenye sanduku la mama, nilikuta vipande vya gazeti vimekunjwa. Hadithi ya mapenzi, sehemu kumi na moja, na juu ya kila kipande jina lako. Nilizisoma zote nimekaa sakafuni, mlango nimeufunga kwa ufunguo.

Mama mdogo, nami naandika. Niko kwenye kundi la hadithi la WhatsApp, watu mia tisa, najiita Binti Kahawa. Mchana ni karani wa usharika: napiga chapa matangazo ya ndoa, natunza majalada, naogopa hata kugonga mlango wa Katibu. Hadithi zangu wanazisoma, ila hakuna anayeuliza sehemu inayofuata. Zako nilipofika ya kumi na moja nilitaka kulia kwa kukosa ya kumi na mbili. Naomba unifundishe. Nimeambatanisha sehemu ya kwanza.

Na kwa nini uliacha kuandika?

Mwanao,
Anaeli

*

Maji ya Chai, 11 Februari 2024

Mwanangu Anaeli,

Marahaba. Goti ni lile lile, linatabiri mvua kuliko redio. Nimefurahi mno kupata barua ya karatasi. Simu yangu ni ya tochi, na herufi za simu za watu siku hizi macho yangu hayazioni.

Sasa kazi. Nimesoma sehemu yako ya kwanza nikiwa kwenye meza yangu ya ndizi, na mteja aliponiamsha ilibidi nimwombe radhi. Huyo Neema wako ni mzuri, ana macho mazuri, tabasamu zuri, nywele nzuri. Basi aende akapigwe picha. Mimi nataka kujua mikono yake inanuka nini. Kitunguu? Mafuta ya taa? Mwanamume anampenda mwanamke kwa kitu kimoja kidogo ambacho wengine hawakukiona. Kitafute hicho.

La pili, wanaambiana "nakupenda" ukurasa wa pili. Umemnyang'anya msomaji kazi yake. Waache wanyamaze mpaka msomaji mwenyewe apige meza aseme, "Jamani, si umwambie!"

La tatu ndilo kubwa. Hakuna kinachowazuia. Mvua tu. Mvua haina sababu ya kumchukia mtu. Kizuizi kiwe mtu, na huyo mtu awe na haki yake, kiasi kwamba msomaji ashindwe kuchagua upande. Wewe unakaa mahali ambapo ndoa zote zinapita mezani kwako, halafu unaniletea mvua!

Kuhusu kuacha, gazeti lilifungwa. Ndiyo hivyo tu.

Mama yako mdogo,
Anyesi

*

Moshono, 2 Machi 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Za huko? Mama Lucky amesema soko limechangamka, nimefurahi. Sisi hatujambo, mama kifua kimeachia.

Nina habari! Neema sasa ana mikono inayonuka wanga wa kupigia pasi. Na kizuizi nimekipata. Unajua ndoa kwetu hutangazwa Jumapili tatu, mwenye pingamizi aseme. Basi Jumapili ya tatu, gauni limeshashonwa, inafika barua kutoka kwa mwanamke mwingine. Hatukani, hadai chochote. Anaandika: "Joho lake la kwaya nimelifua miaka sita. Naomba kanisa liniulize mimi kwanza."

Mama mdogo, kundi zima lililia. Watu wameisambaza mpaka nimeanza kutumiwa hadithi yangu mwenyewe na wasiojua ni yangu. Nusu wanataka Neema aolewe, nusu wanamtaka mwanamke wa joho. Kila siku wanauliza sehemu ya mwisho lini.

Kazini nimeshindwa kujizuia kutabasamu. Katibu, Mzee Melkizedeki, ameniuliza, "Karani, unaposwa nini?"

Mwanao,
Anaeli

*

Maji ya Chai, 5 Machi 2024

Anaeli mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Leo sitaandika mengi.

Ile sentensi ya joho umeitoa wapi?

Ni nzuri kupita zote ulizonitumia, na si yako. Usikasirike. Sentensi zako nazijua sasa, zinapenda kujipamba. Hii haikujipamba hata kidogo. Hii imeandikwa na mtu ambaye maji ya sabuni yamemchubua vidole.

Nijibu upesi. Mama Lucky atakusubiri Alhamisi.

Mama yako mdogo

*

Moshono, 24 Machi 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Nisamehe, Alhamisi ile nilimwona Mama Lucky kwa mbali nikapita njia nyingine. Na iliyofuata pia.

Nilibadilisha majina. Nilidhani inatosha.

Barua hiyo ipo kwenye kabati letu. Iliandikwa mwaka juzi na Susana, anayeshona sare za shule Daraja Mbili. Bwana harusi alikuwa Godwin, mwimbaji wa besi. Wazee walikaa na Susana kwa siri, wakamsihi, akaondoa pingamizi lake kwa sharti moja: jambo hilo lisitoke nje ya chumba kile. Ndoa ikafungwa. Mimi nilikuwa sijaajiriwa. Nilikutana na jalada nikipanga kabati, na ulipoandika "ndoa zote zinapita mezani kwako", nilikumbuka.

Wiki tatu zilizopita mtu alimtumia Godwin hadithi. Ile sentensi aliwahi kuisikia ikisomwa mbele yake. Akaja kwa Katibu kulalamika, na kabla ya kuja alikuwa ameshamwaga kila kitu kwa wenzake wa besi. Sasa kwaya nzima inajua. Jumapili Susana alipopita getini, wanawake wawili wa sauti ya kwanza walimwita, "Mama Joho! Leo umefua?" Wakacheka. Susana hakugeuka. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nimeshika vitabu vya nyimbo.

Kabati lina funguo mbili. Mmoja ninao mimi, mwingine anao Nkasiogi anayefanya usafi. Mzee Melkizedeki alituita wote wawili. Aliniangalia mimi akasema, "Wewe ni msomi, unajua maana ya siri." Kisha akamwambia Nkasiogi akae nyumbani mpaka baraza la wazee litakapoketi, Jumamosi baada ya Pasaka.

Mama mdogo, Nkasiogi hajui kusoma. Jina lake anaweza kulichora, ndiyo maana hakuna aliyegundua. Alipoomba kazi alisema amemaliza darasa la saba. Mimi najua kwa sababu aliwahi kuniomba nimsomee kadi ya kliniki, akaniapisha nisimwambie mtu. Angesema neno moja tu angejiokoa, lakini angeaibika na kufukuzwa kwa kudanganya. Akanyamaza. Nami nikanyamaza.

Nifanye nini? Nikisema, kazi sina, na kipato cha mama peke yake hakitutoshi. Nikinyamaza, siwezi kula.

Anaeli

*

Maji ya Chai, 27 Machi 2024

Mwanangu,

Sijambo, usiniwazie mimi. Kaa chini usome.

Gazeti halikufungwa. Nilikudanganya.

Kabla ya baba yako, mama yako alimpenda kijana mmoja wa Akeri. Alimfumia sweta la kijani. Aliniambia mimi peke yangu, tukiwa tunachambua kahawa. Nilikuwa na hadithi gazetini kila wiki, na nilikuwa nimekwama kama wewe. Nikaliandika lile sweta. Nikabadilisha majina, tena nikahamishia mambo yote Tanga ili nijihisi mwaminifu. Sehemu ya kumi na moja ilitoka wiki mbili kabla ya harusi ya mama yako. Shangazi yake baba yako alikuwa msomaji. Na alikuwa ameliona lile sweta.

Mama yako alisimamishwa mbele ya wazee wa koo mbili kujieleza. Peke yake. Mimi nilikuwa jikoni nyumba ile ile nikimenya ndizi, namsikia, na sikutoka kwenda kusema, "Nimetunga mimi, muulizeni mimi." Harusi ilifanyika, baba yako alikuwa mtu mwema. Lakini mama yako alipopita nje ya jikoni siku ile niliuona uso wake, yeye hakuniona. Miaka ishirini na sita, sijaandika sehemu ya kumi na mbili.

Nilikufundisha mikono inanuka nini na nikakuficha somo la kwanza. Kosa lako limepita mikononi mwangu.

Unaniuliza ufanye nini. Toka jikoni. Nenda kabla hawajamuuliza Nkasiogi. Na usiipambe. Ukianza kueleza ulivyoumia, utakuwa unatunga tena.

Mama yako mdogo,
Anyesi

*

Moshono, Jumatano, 3 Aprili 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Pasaka imepita, sikula nyama.

Nimeandika barua ya kuungama mara tano. Ya kwanza ilikuwa na machozi, ya pili ilikuwa na Zaburi. Zote nimechoma.

Leo jioni Nkasiogi alikuja nyumbani. Nilidhani amekuja kunisuta. Alikaa, akanywa chai, akamsifu mama kwa mandazi. Mama alipotoka kufunga kuku akanisogelea.

"Karani, niandikie barua ya wazee. Useme ni mimi nimefungua kabati, na naomba msamaha. Weka maneno ya kanisani."

"Lakini si wewe."

"Sasa nitawaambia nini? Wanangu wanataka uji. Mtu akiomba msamaha wanamrudisha. Akibisha ndiyo wanachunguza, mara vyeti, mara nini." Akanisukumia karatasi. "Wewe andika tu, mwandiko wako mzuri."

Hakuniuliza nani alifanya. Sijui kama anajua. Aliniangalia mkono tu.

Mama mdogo, niliandika. Neno kwa neno kama alivyosema. Nikamsomea, akaitikia kwa kichwa, akachora jina lake polepole akiwa ametoa ncha ya ulimi. Ameondoka na bahasha kifuani.

Tangu uniambie nitoke jikoni, nimeingia ndani zaidi.

Anaeli

*

Moshono, Jumapili, 7 Aprili 2024

Mama mdogo mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima. Nimelala saa kumi mfululizo.

Jana wazee walikaa saa nne asubuhi. Mimi niliitwa kuandika kumbukumbu, kwa hiyo nilikuwa pale pale na kalamu yangu. Nkasiogi alivaa shuka lake jipya. Alitoa bahasha akaiweka mezani kwa mikono miwili. Mzee Melkizedeki akavaa miwani, akaanza kuichana bahasha.

Nikasema, "Mzee, hiyo barua nimeiandika mimi."

"Tunaujua mwandiko wako, karani," akasema, na wazee wakacheka kidogo.

"Na ile hadithi nimeiandika mimi."

Kicheko kilikatika. Mzee mmoja akasema msichana ana huruma, anataka kumbeba mwenzake. Katibu akauliza watajuaje kama si huruma. Njia fupi nilikuwa nayo ulimini: Nkasiogi hajui kusoma. Aliniangalia, nikaona ameacha kupumua. Nikaimeza. Siri ya mtu mwingine ilikuwa imeshanitosha. Nikafungua simu, nikaiweka mezani, wakaona Binti Kahawa na sehemu zote nilizotuma, na daftari langu lenye sentensi nilizofutafuta. Mzee Melkizedeki alisoma muda mrefu. Alivua miwani. "Msomi," alisema, basi.

Nkasiogi anarudi kazini kesho. Mimi nimekabidhi ufunguo. Nje, Nkasiogi aliniambia, "Wewe karani ni mjinga," kisha akanishika mkono mpaka getini.

Nilikwenda Daraja Mbili kwa miguu. Susana alikuwa anashona kola, hakusimamisha cherehani. Nilimwambia ni mimi. Akamaliza mshono ndipo akauliza, "Ulilia ulipokuwa unaiandika?"

"Ndiyo."

"Mimi sikulia. Nilikuwa na haraka, ibada ilikuwa saa tatu." Akakata uzi. "Ifute."

Niliifuta mbele yake. Nikaandika kwenye kundi kwamba sehemu ya mwisho haitakuja, kwa kuwa hadithi haikuwa yangu. Lakini sote wawili tulijua imeshasambaa, na siwezi kuifuta kwenye simu za watu. Nilimwomba msamaha. Alisema, "Leo sina. Sogea, unanizibia mwanga."

Nyumbani nilimwambia mama yote. Kazi, Susana, Mama Lucky, barua zako. Nilimpa ile ya tarehe ishirini na saba aisome mwenyewe. Aliisoma amesimama. Aliirudia. Halafu akaingia chumbani, nikasikia sanduku.

Alitoka na vile vipande kumi na kimoja. Nilikuwa nimefikiri alivitunza kwa hasira. Akasema, "Alikuwa jikoni? Mimi nilijua alishakimbilia kwa rafiki yake. Miaka yote hii nilidhani hakusikia, kwamba hajui nilichopitia."

Nilimvutia kiti. Hakukaa.

"Yule msichana wa sweta," akasema, "aliishia wapi?"

"Hakuandika, mama."

"Najua hakuandika. Nauliza aliishia wapi."

Nilimwambia nitakuuliza kwa barua. Akaniambia barua zimetosha.

Kwa hiyo, mama mdogo, hii haiji na Mama Lucky. Anayekukabidhi amesimama mbele ya meza yako ya ndizi sasa hivi, na nadhani hajaongea bado, maana tangu asubuhi hajaongea hata na mimi. Amevaa viatu vya kanisani. Vinambana, mpe kiti. Maliza kusoma, ikunje, umtazame.

Mwanenu,
Anaeli