Watoto Waliohama Majengo

Mujukuu wangu Kavira,

Huku Goma tunapumua. Mama yako amevuna maharagi. Unauliza: mu utafiti wenu wa kufuata watoto walewale miaka mingi, wenye kuhama muwaache?

Nikiwa musichana, niliajiriwa kupima uzito wa watoto wa mutaa wa Majengo, hapa Goma. Kila mwaka waliokonda walipungua. Tukashangilia, wakubwa wakakata unga wa musaada.

Siku moja, mu soko ya Birere, nikakutana na mama mumoja wa kundi tulilopima, aliyekuwa amepotea. Mutoto wake alibaki mifupa! "Nyumba ilitushinda kulipa," akasema, "tukahamia Lac Vert, kule pembeni ya muji."

Mungu wangu! Kumbe watoto hawakunenepa. Wenye njaa ndio walihama, wakatoka mu hesabu yetu!

Muwatafute.

Na wewe uliyehama, unakula? Niambie kweli.

Koko wako,
Masika