Sokwe wa Ghala la Pamba

Jumanne, 11 Julai 1995
Uji, ndizi, maji. Sokwe ameshakula. Mume wangu, Masanja, alimnunua kwa dereva wa lori la Kigoma ili avute wakulima. Siku hizi wanunuzi wa pamba ni wengi hapa Kasoli, si ushirika peke yake. Na anavuta kweli. Wanakuja kumtazama, wanapima pamba kwetu.

Akininyooshea kiganja, anaomba. Akijikuna mkono kwa nguvu huku ananitazama, anataka nimchambue manyoya. Nikijikuna mimi, anakuja kunichambua nywele. Hakuna aliyetufundisha.

Jumamosi, 15 Julai
Watu wengi. Limbu, mkulima wa Nkololo, alikuwa anamchokoza na kijiti, wenzake wanacheka. Sokwe akapunga mgongo wa mkono, mara nyingi: ondoka. Nilielewa. Nilikuwa kwenye mzani, foleni ndefu. Nikanyamaza.

Amemng'ata kidole. Kimebaki kuning'inia. Damu hadi kwenye pamba.

Jumapili, 16 Julai
Limbu amelazwa Bariadi. Sikwenda kanisani. Nilimwambia Masanja kwamba sokwe alionya kwanza, na mimi niliona. Akasema mnyama haonyi. Amefupisha mnyororo.

Kosa ni langu.

Jumatano, 19 Julai
Kapatikana mteja wa Mwanza. Anakuja kesho na kasha la mbao. Sokwe hataki mtu amsogelee ila mimi. Masanja aliongea kwa upole.

"Mama Sayi, wewe anakusikia. Mwite aingie."

Sikukataa. Hilo ndilo linaloniuma. Sikukataa.

Alhamisi, 20 Julai
Nilikaa nyuma ya kasha, nikaegemeza kichwa penye uwazi wa mbao. Nikajikuna mkono. Masanja akafungua mnyororo. Sokwe akaingia ndani ili anifikie. Akaanza kunichambua nywele, polepole, midomo ikigongagongana kwa raha.

Masanja akateremsha mlango.

Hakupiga kelele. Alinyoosha kiganja, kwangu. Nikainuka nikaenda ndani. Mwoga mimi. Msaliti.

Jumapili, 23 Julai
Nimeungama. Padri akauliza nimemkosea nani. Nikasema mtoto wa watu. Akauliza mama yake yuko wapi. Nikasema aliuawa porini, siku walipomchukua mtoto.

Nje watu walikuwa wakikohoa, wakingoja zamu zao.

Nimerudi, nimepika ugali. Masanja amekula, amelala. Upepo kidogo.